Jiwe la Msingi na Daftari la Malipo

Kiswahili kinampendelea mwenye pesa. Mtu akikuambia, "Mzee amejenga Kibaha," huwazi kwamba mzee alipanda juu ya kenchi na misumari mdomoni. Unaelewa kwamba alinunua kiwanja, akalipa, na sasa ana nyumba. Aliyechimba msingi, aliyekoroga zege, aliyepanga tofali na aliyepiga bati hawamo katika sentensi hiyo, wala hakuna anayeona kwamba wamekosekana. Kitenzi "kujengesha" tunacho, ila kimelala kwenye kamusi. Mitaani, anayejenga ni anayelipa.

Majengo ya umma nayo yana desturi yake. Nenda shule ya kata, zahanati au ofisi ya halmashauri, kisha tazama ukuta ulio karibu na mlango. Utakuta bamba la marumaru: jiwe hili la msingi limewekwa na Mheshimiwa fulani, tarehe fulani. Mheshimiwa alikaa pale nusu saa, akapigiwa ngoma na makofi, akaondoka na msafara wake. Waliokaa na jengo kuanzia msingi hadi lenta, na kutoka lenta hadi paa, hawana bamba.

Ninasoma shahada ya uzamili katika historia, na kwa muda sasa nimekuwa nikifuatilia jengo moja lililo mbali sana na Kibaha. Jengo hilo ni White House, ikulu ya Marekani. Swali la nani alilijenga limewahi kugombanisha watu kwenye televisheni, lakini kilichonivuta ni kwamba lina orodha mbili za majina. Ya kwanza ilichorwa kwenye bamba la shaba na kuwekwa pamoja na jiwe la msingi. Ya pili iliandikwa kwa wino kwenye karatasi za malipo. Mtu anayeziunganisha orodha hizo ni fundi seremala kutoka Ireland aliyekuja kuwa msanifu majengo, James Hoban.

Jiwe la msingi liliwekwa tarehe 13 Oktoba 1792. Bamba lake lilimtaja rais, George Washington, na makamishna watatu waliopewa kazi ya kuusimamisha mji mkuu mpya kando ya mto Potomac. Lilimtaja Hoban kama msanifu, na Collen Williamson, Mskoti, kama fundi mkuu wa mawe. Mwishoni liliitakia jamhuri maisha marefu kwa Kilatini. Hao ndio waliojenga, kwa maana ile ile ya mzee wa Kibaha, ingawa Hoban na Williamson angalau walikuwa mafundi kweli.

Na Hoban alikuwa fundi hasa. Alizaliwa miaka ya 1750 karibu na Callan, katika kaunti ya Kilkenny, kwenye milki ya makabaila wa Desart. Familia yake ilikuwa ya wapangaji Wakatoliki, na sheria za Ireland ya wakati huo ziliwabana Wakatoliki katika kumiliki ardhi, kupiga kura na kushika vyeo. Kijana alijifunza useremala na kutengeneza magurudumu pale pale kwenye milki. Baadaye akaingia shule ya uchoraji ya Dublin Society, akafundishwa na msanifu Thomas Ivory, na mwaka 1780 akatunukiwa medali kwa michoro yake, ikiwemo ya ngazi na paa. Miaka michache baadaye alivuka bahari. Mwaka 1785 alikuwa Philadelphia, akitangaza gazetini kwamba anaweza kuwajengea waungwana nyumba za fahari.

Ukiishia hapo, unampenda. Ni mtoto wa watu wasio na ardhi, katika nchi inayotawaliwa na wengine, na ameinuliwa na mikono yake. Hadithi kama hiyo tunaijua, na wengi wetu tungependa iwe ya babu zetu.

Kutoka Philadelphia, Hoban alikwenda Charleston, South Carolina. Huo ulikuwa mji tajiri, na utajiri wake ulitoka kwenye mashamba ya mpunga na nili yaliyolimwa na watumwa. Bandari yake ilipokea Waafrika wengi kuliko bandari nyingine yoyote ya Amerika Kaskazini. Watumwa hawakuishia mashambani. Mjini walikuwa waashi, wahunzi, wapaka rangi na maseremala. Fundi mzungu aliyefanikiwa Charleston aliweza kumiliki mafundi wenzake kama mkandarasi wa leo anavyomiliki mashine ya kukoroga zege: akiwa na kazi anaitumia, asipokuwa nayo anaikodisha.

Ukodishaji huo ulikuwa wa kawaida kiasi kwamba mji uliutungia sheria. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 18 hadi vita vya wenyewe kwa wenyewe, mtumwa aliyekodishwa Charleston alitakiwa kuwa na kibati cha shaba ambacho bwana wake alikilipia. Baadhi ya vibati hivyo vimesalia kwenye makumbusho. Vina jina la mji, mwaka, namba na aina ya kazi, kama mtumishi, mchukuzi au fundi. Jina la mwenye kukivaa halimo.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kwenda mbali ili aelewe jambo hili, maana limejificha kwenye neno analolitumia kila siku. "Kibarua" ni barua ndogo. Katika Zanzibar ya karne ya 19, mfanyakazi wa kutwa alipewa kikaratasi cha kuthibitisha kazi yake ili alipwe, na kikaratasi kikawa jina la mtu mwenyewe. Vibarua wengi wa wakati huo walikuwa watumwa waliokodishwa kwa wafanyabiashara wa mjini, na sehemu ya ujira wao ilikwenda kwa bwana. Leo tunasema "nimepata kibarua" kwa furaha, na hatukumbuki kwamba neno hilo lilizaliwa mahali ambapo anayefanya kazi na anayelipwa hawakuwa lazima mtu mmoja.

Mwezi Mei 1791, Washington alizuru Charleston, na huko Hoban alitambulishwa kwake. Mwaka uliofuata serikali ilitangaza shindano la kuchora nyumba ya rais. Hoban alishinda Julai 1792 kwa mchoro unaofanana sana na Leinster House, kasri la Dublin alilolijua tangu ujana wake. Hakupewa tuzo tu, alipewa pia usimamizi wa ujenzi wenyewe.

Tatizo lilikuwa watu. Mji mkuu ulikuwa bado ni misitu, mashamba na matope, kwenye ardhi iliyotolewa na majimbo mawili ya utumwa, Maryland na Virginia. Makamishna walitumaini kupata wafanyakazi kutoka Ulaya, lakini waliokuja walikuwa wachache mno. Mwezi Aprili 1792, kabla hata mshindi wa shindano hajapatikana, walikuwa wameshaamua kukodi watumwa kwa mwaka. Masharti yalikuwa wazi: bwana angelipwa pauni 21 kwa mwaka kwa kila mtu, naye angempatia mtu huyo nguo na blanketi. Makamishna wangetoa chakula.

Ndivyo nyumba ilivyoanza. Watumwa walifyeka misitu na kung'oa visiki. Walichimba jiwe la mchanga kwenye machimbo ya Aquia Creek, Virginia, na jiwe hilo likapandishwa kwa mashua kwenye mto Potomac kwa zaidi ya kilomita 60. Walifinyanga na kuchoma matofali papo hapo penye ujenzi, kwa sababu kuta za White House ni za mawe kwa nje tu. Ndani yake kuna matofali. Walipasua mbao kwa msumeno wa watu wawili, mmoja akiwa juu ya gogo na mwenzake chini shimoni, vumbi likimwangukia machoni. Aliyewahi kuona wapasua mbao wa Mufindi au Lushoto kabla ya mashine anaijua kazi hiyo.

Hawakuwa peke yao. Walikuwepo waashi wa Kiskoti, maseremala wa Ireland, wazungu wa mataifa mengine na Waafrika huru. Nasisitiza hilo kwa sababu historia haitendewi haki kwa kuondoa kundi moja kwenye picha na kuweka lingine. Mawe yalichongwa vizuri na watu waliotoka Scotland kwa ajili hiyo, na baadhi yao walichora alama zao kwenye mawe kama walivyozoea kwao. Eneo lilikuwa moja, kengele ya kuanza kazi ilikuwa moja, na mara nyingine zana zilikuwa zile zile.

Tofauti yao inaonekana kwenye orodha ya pili.

Karatasi za malipo za makamishna zimehifadhiwa hadi leo kwenye Nyaraka za Taifa za Marekani. Katika zile za maseremala wa nyumba ya rais za mwaka 1795, chini ya majina ya wazungu yenye jina la kwanza na la ukoo, yanaonekana majina mafupi: Tom, Peter, Ben, Harry, Daniel. Hayana ukoo. Yanatanguliwa na neno la kuonyesha kwamba ni watu weusi. Idadi ya siku walizofanya kazi imeandikwa, na kiwango cha malipo kimeandikwa. Na wengi wa maseremala hao watano walikuwa mali ya James Hoban.

Nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi. Peter hakuwa kibarua asiye na ujuzi aliyeokotwa barabarani. Ameorodheshwa na maseremala, kwenye fani ile ile aliyojifunza Hoban kule Desart. Bila shaka alijua kusoma mbao, kupiga randa, kukata kiungo kikaingia kwenye chenzake bila kuacha nafasi. Jioni fundi wa Ireland na fundi wa Hoban waliweza kusimama mbele ya kazi moja na kuikagua kwa jicho moja. Siku ya malipo, ujira wa mmoja uliingia mfukoni mwake, na wa mwenzake uliingia mfukoni mwa msimamizi. Aliyesimamia kazi ya Peter na aliyepokea ujira wa Peter alikuwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa na mshahara wake wa usimamizi kando.

Mtu aliyekulia chini ya makabaila, kwenye ardhi isiyoweza kuwa yake, alifika mahali ambapo yeye mwenyewe angeweza kuwa kabaila wa watu wanne au watano, na hakusita. Sioni sababu ya kumfanya zimwi kwa hilo. Jamii yote iliyomzunguka ilifanya hivyo, na aliyemwajiri, Washington, alikuwa na watumwa wengi zaidi yake. Lakini siwezi pia kukubali ule msemo kwamba alikuwa "mtu wa wakati wake" kana kwamba wakati huo ulikuwa wa watu wa aina moja. Peter naye alikuwa mtu wa wakati wake. Ben na Harry vilevile. Ukiwauliza hao kuhusu maadili ya mwaka 1795, jibu lingekuwa tofauti.

Tarehe 1 Novemba 1800, rais John Adams alihamia kwenye nyumba ambayo haijamalizika. Mke wake, Abigail, alifika siku chache baadaye. Mwezi huo huo alimwandikia ndugu yao barua akimweleza anachokiona dirishani: watu weusi 12 wakiondoa udongo mbele ya nyumba kwa mikokoteni midogo ya farasi. Aliandika kwamba wanafanya kazi wakiwa hawajashiba na hawana nguo za kutosha, huku mwenye mtumwa akizurura bila kazi, hata kama mtumwa huyo mmoja ndiyo mali yote aliyonayo. Abigail hakuwa malaika. Katika barua hiyo hiyo alijisifu kwamba wanaume wawili wa kwao New England wangefanya kazi ya wote 12 kwa siku. Hata hivyo, aliuona mfumo vizuri: bwana mdogo anayeishi kwa ujira wa mtu mwingine.

Miaka 216 baadaye, Julai 2016, mwanamke mwingine aliyeishi katika nyumba hiyo alisema hadharani kwamba kila asubuhi anaamka ndani ya nyumba iliyojengwa na watumwa. Huyo ni Michelle Obama, mjukuu wa vizazi vya watumwa wa South Carolina, jimbo lile lile lenye Charleston, na mke wa rais ambaye baba yake alizaliwa Kenya. Siku iliyofuata, mtangazaji mmoja maarufu wa televisheni alikiri kwamba ni kweli, kisha akaongeza kwamba watumwa hao walilishwa vizuri na kupewa malazi ya kuridhisha. Zogo likazuka. Kwenye zogo hilo sikusikia watu wengi wakirudi kwa Abigail Adams, aliyewaona kwa macho yake na hakuwaona wameshiba.

Lakini hata ubishi juu ya chakula unalikwepa jambo lenyewe. Farasi wa mikokoteni nao walilishwa. Swali la Peter halikuwa kama alikula. Swali lilikuwa nani aliyepokea ujira wake.

Kazi ya mikono yake haikudumu. Tarehe 24 Agosti 1814, jeshi la Uingereza liliingia Washington na kuichoma nyumba ya rais. Paa, sakafu, milango na ngazi, yaani yote yaliyokuwa ya seremala, viliteketea. Zikabaki kuta za mawe zilizoungua. Siku hiyo hiyo, kwenye mapigano ya Bladensburg yaliyowafungulia Waingereza njia ya kuingia mjini, upande wao walikuwamo wanajeshi weusi wa kikosi cha Colonial Marines, watu waliotoroka utumwa Maryland na Virginia na kupewa bunduki na sare. Wengi wa kikosi hicho waliishia Trinidad, wakapewa ardhi, na vizazi vyao viko huko hadi leo. Baadhi ya waliozaliwa watumwa waliijenga nyumba ile, na baadhi walipigana upande wa walioichoma. Yote mawili ni sehemu ya historia yake.

Hoban aliitwa tena kuijenga upya, na rais James Monroe akahamia mwaka 1817. Hoban aliendelea kuwa mtu wa heshima mjini, mjumbe wa baraza la mji kwa miaka mingi, hadi alipofariki Desemba 1831. Kati ya 1948 na 1952, wakati wa Harry Truman, sehemu yote ya ndani ya jengo ilibomolewa na kujengwa upya kwa chuma na zege. Kilichobaki cha zamani hasa ni zile kuta za nje za jiwe la Aquia.

Kwa kawaida tunasikitika kwamba majengo yamebaki na majina ya mafundi yamepotea. Kwa Peter na wenzake imekuwa kinyume. Mbao zao zilikuwa majivu kabla hata Hoban hajazeeka, na majina yao yapo. Sababu ya kuwepo kwake haifurahishi: yaliandikwa ili Hoban alipwe. Karani hakutaka kumkumbuka Peter. Alitaka hesabu zilingane.

Hilo halikutokea mara moja tu. Tarehe 16 Aprili 1862, sheria ilipowaachia huru watumwa wa mji wa Washington, serikali iliwalipa fidia wamiliki, hadi dola 300 kwa kila mtu aliyeachiwa. Ili alipwe, bwana alitakiwa kuandika jina la mtumwa, umri wake, maumbile yake na thamani yake. Karatasi hizo leo ni hazina kwa vizazi vyao wanaotafuta nasaba. Zanzibar nako, amri ya mwaka 1897 iliyoondoa utumwa kisheria iliweka fidia kwa wamiliki. Sisi tunaosoma historia ya watumwa tunasoma zaidi madai ya waliotaka kulipwa kwa ajili yao. Ndiyo maana inabidi kuyasoma kwa uangalifu, jinsi unavyosoma maelezo ya shahidi mwenye maslahi kwenye kesi. Anaweza kusema kweli kuhusu idadi ya siku na bado akawa amekuficha mtu mzima.

Mwaka 2021, mabango ya kumbukumbu yaliwekwa Lafayette Park, mbele ya White House, na mojawapo linaeleza kuhusu watumwa walioshiriki kuijenga. Ni jambo jema, hata kama lilichelewa zaidi ya miaka 200. Wapita njia husimama, husoma, hupiga picha na kuendelea.

Na lile bamba la shaba la mwaka 1792? Lilifunikwa ndani ya ukuta, na hakuna aliyewahi kuliona tena. Wakati wa ukarabati wa Truman lilitafutwa, halikupatikana. Majina ya rais, makamishna, msanifu na fundi mkuu yamo mahali fulani ndani ya jiwe lililochimbwa Aquia, gizani. Daftari la malipo liko kwenye nyaraka, limepigwa picha, na mtu yeyote mwenye simu anaweza kulifungua na kusoma mstari kwa mstari: Tom, Peter, Ben, Harry, Daniel, siku walizofanya kazi, na kiasi ambacho hawakulipwa wao.